Mkono Wangu Ulipobebeshwa Tumboni

Kazi yangu ni kubebesha miparachichi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba mama wa umri wangu alilazwa hospitali wiki tatu, mkono wa kulia umeshonewa tumboni, hudhani ni habari za kishirikina, na huko mtaani kwetu Matwebe wapo waliokwisha kuisimulia hivyo. Hapakuwa na ushirikina wowote. Ilikuwa kazi ileile ninayoifanya kitaluni kila msimu, ila safari hii mche nilikuwa mimi.

Kwa asiyejua, mparachichi wa kienyeji una mizizi ya kuaminika lakini tunda lake wanunuzi hawalitaki. Kwa hiyo unauchukua mche wa kienyeji ukiwa na unene wa kalamu, unaukata kichwa, unaupasua kidogo, unachomeka kijiti ulichokikata kwenye mti wa kisasa, ambacho sisi tunakiita kikonyo, kisha unafunga kwa utepe wa nailoni. Na unakaza. Hewa ikipita kati ya kikonyo na shina, umepanda kuni. Binti yangu wa mwisho, ambaye ndiye mwenzangu kitaluni, amelisikia neno hilo kinywani mwangu kuliko jina lake. Kaza, mwanangu. Hujakaza. Hapo umefunga mche au umefunga zawadi ya harusi? Miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia kwamba amefunga vizuri. Niliona akisifiwa atalegea.

Siku ya ajali nilikuwa natoka upande wa Igogwe kuchukua vikonyo kwa mzee mmoja mwenye miti mizuri. Nilipanda bodaboda, vikonyo nimevifunga kwenye gunia bichi, nimelikumbatia kwa mkono wa kushoto. Lami ilikuwa imelowa kama kawaida yake. Kwenye kona moja pikipiki ikalala ubavu na kuteleza, na mkono wangu wa kulia ulikuwa chini yake. Mtu mwenye akili timamu angeachia gunia. Mimi sikuachia. Vikonyo havikupata hata mchubuko, na kesho yake binti yangu alivibebesha vyote huku analia, na vingi vikashika. Mkono wangu ndio ulioacha ngozi yake barabarani, upande wote wa juu, kuanzia kifundo hadi kwenye vidole.

Daktari aliyenipokea alikuwa kijana mrefu, mgeni wa baridi yetu, anayevaa sweta mbili chini ya koti jeupe. Aliniamkia kwa adabu, nikamwitikia, kisha akaanza kuuangalia mkono.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nabebesha miparachichi, baba. Nitashika kisu tena?"

Hakuniambia ndiyo. Alinionyesha nyuzi nyeupe zilizokuwa zinang'aa katikati ya kidonda, akasema hizo ndizo kano zinazoinua vidole. Zikikauka zitakufa, na zikifa vidole vitabaki vimejikunja. Kulikuwa na njia ya kuchuna ngozi nyembamba ya paja na kuibandika pale, lakini juu ya kano tupu ngozi ya namna hiyo haishiki.

"Haina pa kunywea," nikasema.

Akaniangalia. "Ndivyo hasa, mama. Haina pa kunywea."

Ndipo akanieleza alichokusudia. Angekata kipande cha ngozi ya tumbo langu pamoja na mafuta yake, akiache upande mmoja bado kimeshikana na tumbo ili kiendelee kupata damu ya huko. Kipande hicho angekilaza juu ya mkono na kukishona. Wiki tatu mkono na tumbo vingekaa pamoja. Ngozi ikishazoea kunywa mkononi, angeikata kule tumboni. Alieleza polepole, akichora kwenye karatasi, akiogopa nisije nikazimia.

"Kumbe na wewe unabebesha," nikamwambia. "Ungesema tu toka mwanzo, hii michoro ya nini? Nionyeshe kisu chako."

Kisu hakunionyesha. Lakini nililala kwenye kitanda cha upasuaji nikiwa na moyo mtulivu kuliko yeye, nadhani, kwa sababu yeye hakuwa amewahi kubebesha mbebeshaji.

Siku za mwanzo nilikuwa kituko cha wodi. Mkono ulikuwa umefungwa kwenye ubavu kwa bandeji pana ili usivutike nikiwa usingizini. Kuvaa gauni haikuwezekana. Shoga yangu wa Bulyaga, ambaye babu yake alikuja Tukuyu kutoka pwani na cherehani yake na yeye mwenyewe anauza vitenge mpaka leo, aliniletea kitenge kipana nikajizungushia. Aliniinua, akanitembeza hadi dirishani, akarudi nyuma hatua mbili kunitazama. Tumbo lilikuwa limetuna, na mkono uko chini ya nguo umelishikilia.

"Haya mwenzangu," akasema kwa sauti ya kusikika kitanda cha mwisho, "mimba hiyo ni ya nani, na marehemu mumeo tumemzika zamani?"

"Ya daktari," nikamjibu.

Tulicheka mpaka mishono ikauma. Lakini akina mama wa kanisani waliokuwa mlangoni na hotpoti la ndizi hawakusikia mwanzo wa mazungumzo, walisikia mwisho tu, na nilipotoka hospitali nilikuta mtaa mzima unanisalimia kwa uangalifu. Mmoja aliniuliza kama naweza kula udongo wa pemba, ule wa wajawazito.

Kulikuwa na jambo moja la ajabu ambalo hata daktari alilifurahia. Bandeji ikiwa imefunguliwa, inzi akitua kwenye ngozi ile iliyo mkononi, nilijikuna tumboni. Ngozi ilikuwa imehama nyumba lakini bado inatoa taarifa kwa mwenye nyumba wa zamani.

Sasa niseme nilichokifanya, maana shoga yangu anasema nikisimulia napenda kukiruka.

Siku ya tisa nesi alibadilisha bandeji mbele yangu na nikaona kazi yote kwa macho yangu. Mishono ilikuwa mizuri, sina neno. Lakini juu ya ile ngozi aliweka pamba laini na kitambaa, akazungusha bandeji kwa ulegevu ambao kitaluni kwangu ungemfukuzisha mtu. Kulikuwa na pembe moja, karibu na kidole kidogo, ambapo kwa maoni yangu hewa ilikuwa inapita. Nesi akaondoka. Nikaikodolea macho ile pembe asubuhi nzima. Daktari alikuwa amesema zaidi ya mara moja kwamba pale pasibanwe. Niliichukulia kama lugha ya kistaarabu ya vijana waliosoma. Sikio la kufa halisikii dawa.

Binti yangu alipofika na uji nilimwuliza kama mfukoni ana utepe. Alikuwa nao. Mbebeshaji hakosi utepe mfukoni, kama vile mganga hakosi mkoba.

"Mama, daktari amesema isibanwe."

"Daktari ana umri gani? Funga hapa. Mizunguko mitatu."

"Mama..."

"Hewa inaingia, mwanangu. Unataka nikose mkono? Kaza."

Akafunga. Alifunga kama nilivyomfundisha, kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko umelalia mwenzake nusu. Nikamwambia akaze zaidi, akakaza zaidi. Sikusikia maumivu. Niliitazama ile kazi, safi, haina pengo hata la kupitisha uzi, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwambia, "Leo umefunga." Alitabasamu kiasi kwamba ilibidi atazame pembeni.

Mchana nesi alikuja kupima joto. Akafunua kitenge. Sikuelewa kwa nini amepiga kelele mpaka nilipoangalia mwenyewe. Ngozi ilikuwa na rangi ya biringanya.

Daktari alikuja mbio, bado anatafuna. Alikata utepe kwa mkasi, akachoma ngozi kwa sindano, ikatoka damu nyeusi nzito. Akakaa kitandani, ameshika mkono wangu na tumbo langu kwa pamoja, anasubiri. Nilimwona binti yangu ameegemea ukuta na kopo la uji tupu, uso wake umekosa damu. Hapo ndipo nilipoogopa. Kabla ya hapo sikuwa nimeogopa kwa kweli, si barabarani, si kwenye upasuaji. Niliogopa kwamba mkono utakufa na kwamba ataubeba yeye maisha yake yote.

"Nani amefunga hiki kitu?" daktari akauliza.

"Mimi," nikasema haraka.

Akainua macho. "Kwa mkono gani, mama?"

Nadhani mle wodini kuna mmoja aliyejikaza asicheke. Binti yangu akatoka ukutani. "Ni mimi, daktari," akasema. Hakuongeza kwamba alitumwa.

Daktari hakumgombeza. Alinigeukia mimi, na hiyo ndiyo sababu nampenda kijana yule hadi leo. "Mti hauna moyo, mama," akasema. "Wewe unao. Kila ukipiga, damu inaingia humu ndani, na ikishaingia inatafuta njia ya kutoka. Ukikaza, inaingia haitoki. Inazama humohumo." Nilikuwa nimebebesha maelfu ya miche nikijiona najua kila kitu kuhusu kushikana kwa vitu viwili, na sikuwa nimewahi kulifikiria hilo.

Ilipofika jioni rangi ilianza kurudi, kutoka tumboni kuja mkononi. Ile pembe ya kidole kidogo haikurudi. Ilikufa, ikawa nyeusi, ikakatwa, na baadaye kidonda kikaota nyama nyekundu na kubandikwa ngozi nyembamba ya paja, ambayo safari hii ilikuwa na pa kunywea. Nyingine yote ilishika. Wiki tatu zilipokamilika wakanitenganisha na tumbo langu, na nilipojaribu kuinua vidole, viliinuka. Kidogo, kwa uvivu, lakini viliinuka. Nililia bila aibu.

Mkono nilionao sasa si wa kuonyeshea pete. Umetuna upande wa juu kama andazi. Daktari aliniambia kwamba nikinenepa na wenyewe utanenepa, kwa kuwa mafuta yake bado ni ya tumbo, nikadhani ananitania. Ndizi na maziwa mgando ya nyumbani vimethibitisha. Shoga yangu anasema mimi ndiye mtu pekee Rungwe nzima anayepunga tumbo akiaga. Na juu ya ngozi hiyo ipo michirizi mitatu, ileile ya uzazi.

Nilirudi kitaluni nikiwa na uwezo wa kushika kisu na kuchonga kikonyo. Kufunga ndiko kulikonishinda, vidole havina nguvu hiyo. Kwa hiyo mimi nilichonga, binti yangu akafunga. Baada ya mwezi safu nzima ikakauka. Nikasema ni vikonyo vibaya. Safu ya pili ikakauka. Nikafungua mche mmoja kwa hasira, nikakuta utepe umezungushwa vizuri kabisa, na umelegea. Nikafungua mwingine, vilevile. Yote ilikuwa imefungwa na mtu anayeogopa kuumiza.

Nyumbani kwetu pole hupewa aliyejikwaa. Aliyemkwaza mwenzake hujifanya anatafuta jembe. Mimi nimelitafuta jembe hilo miaka mingi, na siku ile nilizunguka kibanda mara mbili nikilitafuta tena. Kisha nikaenda nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele ya binti yangu.

"Siku ile kosa lilikuwa langu," nikamwambia. "Wewe ulikataa, mimi nikakulazimisha. Halafu nikakusifu. Sikutakiwa kukusifu siku ile, nilitakiwa kukusifu siku nyingine zote."

Nikamwekea mkono kwenye magoti yake, andazi juu. Akapitisha kidole kwenye ule mchirizi mrefu, na nikasikia, siyo tumboni, mkononi.

"Michirizi hii ni yako," nikamwambia. "Wenzako hawakuniachia alama. Wewe ulikuwa mkubwa na ulipiga mateke toka mwezi wa tano. Sasa kama uliipasua ngozi hii bila kuniua, unaogopa nini?"

Akacheka huku anafuta pua kwa kanga. Nikachonga kikonyo, nikakichomeka, nikamshikia mche. Akachukua utepe, akaanza chini kwenda juu, mzunguko wa kwanza, wa pili. Akasimama.

"Nikaze?"

"Kaza. Huo ni mti."

Akakaza mpaka utepe ukalia. Nikapapasa fundo kwa kidole gumba, sikupata pa kupitisha hata uzi, nikamwambia leo umefunga.