Ukuta wa Mtani Wangu

Mimi ni Myao wa Nakapanya, na nimetukanwa na Wangoni maisha yangu yote. Silalamiki. Asiyejua utani akiusikia hudhani watu wanataka kupigana, kumbe ndiyo kwanza wanasalimiana. Babu zao na babu zetu walipigana kweli, halafu wakakubaliana kwamba kuanzia hapo vita iwe ya mdomo. Mtani hasusi, mtani hakasiriki, na mtu akifa, mtani wake ana ruhusa ya kusema lolote msibani. Ninayetaka kumsimulia hapa ni mtani aliyenitukana vizuri kuliko wote, Mzee Athanasi wa Lizaboni. Namshukuru kwa mengi, lakini hasa kwa tusi moja.

Mwaka 1994 nilikuwa karani wa kituo cha wazee pale Songea mjini. Hospitali zilikuwa zimeanza kuwatoza wagonjwa, na maduka yalijaa vitu ambavyo wazee hawakuwa na cha kununulia. Ndipo chama kimoja cha watu wema kikafungua kituo. Kila Jumatano wazee walipimwa presha, wakapewa dawa na uji, na mara mojamoja nguo. Jengo lilikuwa chumba kimoja kirefu: huku mabenchi, kule meza ya muuguzi wetu, Mama Leticia, na katikati pazia la kitenge. Mimi nilikaa kando ya meza nikiandika kwenye kadi kila alichoeleza mzee.

Mzee Athanasi alikuwa fundi mwashi aliyestaafu, mrefu, macho yake yameingia ukungu. Siku yake ya kwanza, alipomaliza kunong'ona na Mama Leticia, alinigeukia.

"Mwanangu, nisomee ulichoandika."

Nikamwambia kadi ni mambo ya ofisi.

"Kwani anayekojoa kitandani ni ofisi?" aliuliza, kwa sauti ndogo kabisa.

Nikamsomea. Kwamba ana presha, kwamba usiku mkojo humponyoka, kwamba amepewa mpira wa kutandika kitandani. Akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Hayo yakae humo." Kisha akauliza kabila langu, nami nikamwambia.

"Myao! Ningejua ningejieleza kwa ishara. Sasa lete mkono, hiyo kalamu yenyewe naona inataka kukimbia."

Kuanzia siku hiyo tukawa tamasha. Wazee waliwahi Jumatano ili wapate benchi la mbele. Yeye alisema babu zangu walikimbia mpaka wakasahau wake zao, nami nilisema babu zake walitukimbiza kwa njaa, na tulipowapa ugali vita ikaisha. Nilikuwa kijana niliye mbali na kwetu, sina ndugu mjini, na yule mzee alinifanya nijione nina kwetu. Nakiri pia kwamba kichwa kilianza kunivimba. Nilipenda kuchekesha.

Mwezi wa sita, baridi ya Songea ikiwa imekolea, tuliletewa mablanketi arobaini. Wazee walikuwa zaidi ya sitini. Mama Leticia hakutaka kusikia habari za nani ni jirani ya nani, akapigisha kura, na Mzee Athanasi akapata. Alipokuja kuchukua alisema kwa sauti, "Mpeni na karani moja ajifunike uso, watoto wanaogopa." Watu wakacheka, wakanigeukia mimi. Zamu yangu.

"Huyu mnampotezea blanketi," nikasema. "Asubuhi litakuwa limeloa chapachapa. Hata mpira tuliompa umesalimu amri."

Benchi zima liliangua kicheko. Yeye naye alicheka, kwa maana mtani hakasiriki. Halafu akalikunja blanketi vizuri, kona kwa kona, akaliweka juu ya meza yangu.

"Ahsante, Bwana Karani," akasema, akatafuta mlango kwa fimbo yake.

Hakuwa amewahi kuniita Bwana Karani. Jumatano iliyofuata hakuja, wala ya pili, wala ya tatu. Dawa zake zilikaa kabatini pamoja na lile blanketi. Ndipo Mama Leticia aliponiita.

"Daimu, habari za mpira ulizijulia wapi?"

"Ulikuwa utani tu, mama."

"Sikukuuliza kama ni utani. Ulizijulia wapi?"

Kadi ilikuwa mbele yetu, mwandiko ni wangu.

"Angekuwa mtu mwingine angekuja kushtaki, nami ningekufukuza kazi," akasema. "Huyu hawezi kushtaki, ni mtani wako. Ulimfunga mdomo kwanza, ndipo ukamvua nguo. Na presha yake haina dawa wiki ya tatu sasa. Nenda kwake."

Utani una faini zake, na mimi nazijua. Aliyevuka mpaka hupeleka kuku. Nikanunua jogoo, nikashika njia ya Lizaboni nikiwa nimetulia kiasi, kama mtu anayekwenda kulipa faini ndogo.

Nilipokewa na mkamwana wake, Dorine, ambaye mzee aliishi nyumbani kwake. Hakunikaribisha ndani. Alisema baba amehamia stoo, kule nyuma, penye majembe na mahindi.

"Miaka miwili alikuwa anafua shuka zake mwenyewe kabla sijaamka," akaniambia, akimtazama jogoo badala yangu. "Nilikuwa najua. Nikajifanya sijui, naye akajifanya hajui kama najua. Tukaishi vizuri. Sasa wanawake wananiuliza bombani. Ameona hawezi tena kukaa chini ya dari moja na mke wa mwanawe."

Jamani, pale ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimemwondoa mzee wa watu chumbani kwake kwa sababu ya kicheko cha dakika moja.

Nilimkuta stoo ameketi juu ya gunia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana Karani."

Nikaweka jogoo chini, nikaanza maneno ya faini. Akanikatiza.

"Kuku ni wa utani. Mrudishe. Hili si la utani." Akaendelea. "Ujana wangu nilikuwa kwenye mashamba ya mkonge, Tanga. Tulikuwa na vipande, kadi za kuandikiwa siku za kazi. Mimi sikujua kusoma. Siku moja mnyapara akakisoma changu mbele ya foleni: huyu amelala kambini siku nne kwa kuhara. Mpaka mkataba unaisha niliitwa Siku Nne. Nikaapa nitajifunza kusoma. Nimejifunza uzeeni, kwenye kisomo cha watu wazima, na macho yakaondoka. Nikakukuta wewe."

Nikamwokota jogoo, nikamshika mkononi.

"Pua yangu iseme. Mwendo wangu, ubahili wangu, sema, unaviona. Ulichokisoma si chako."

Nikamwomba msamaha, safari hii bila kuku. Nikamuuliza anataka nifanye nini.

"Lile pazia," akasema. "Wote tuliokaa benchi tunasikia ya wenzetu. Ukuta unatakiwa. Nitajenga, na wewe utakuwa saidia fundi wangu."

Mama Leticia alimpa dawa zake siku hiyohiyo, akaomba matofali ya kuchoma yaliyobaki parokiani. Majuma mawili, kila jioni baada ya kazi, nilikanyaga udongo kwa miguu na kubeba tofali. Mzee Athanasi alipanga kwa kupapasa, ameketi kwenye kigoda, anapima kwa vidole. Na muda wote huo alinitesa kwa adabu. "Bwana Karani, naomba tofali. Ahsante sana, Bwana Karani. Pole na kazi." Nilimchokoza, nikasema babu zangu wangemwona wangecheka. "Huenda, Bwana Karani." Hakuna adhabu kubwa kama kuheshimiwa na mtani wako. Nilirudi chumbani kwangu nimechoka, na moyo umechoka zaidi.

Mistari ya juu hakuweza kuifikia, nikapanga mimi. Siku ya mwisho, fremu ya mlango ikiwa imesimama, alipanda juu ya benchi, Mama Leticia akimshika, akapitisha kiganja kwenye mstari wangu mzima. Alirudi tena mwanzo, akapitisha upya.

"Nani amepanga huu?"

"Mimi, mzee."

"Nilijua. Umekwenda kombo kama Wayao walivyotimua mbio. Nyie hata tofali mkilishika linatafuta pa kukimbilia."

Nilikaa chini palepale kwenye udongo. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Alhamdulillahi, nilikuwa nimetukanwa.

Jumatano yake aliingia wa kwanza katika chumba kile, mlango ukafungwa, nikamsomea kadi yake yote. Mama Leticia akafanya huo kuwa utaratibu: kila mzee asomewe yake, humo ndani, aseme kama ndivyo. Siku hiyo Mzee Athanasi aliondoka na blanketi lake. Dorine alikwisha kurudisha kitanda chake ndani, akamwambia stoo anaitaka kwa mahindi.

Alifariki mwaka 1999. Nilikwenda mazishini kama mtani, na watu wakanipisha njia, wakingoja. Nilisema yote. Nilisema alikuwa bahili hata wa kivuli chake, nilisema pua yake ilifika Tanga siku mbili kabla yake, nikaenda kusimama kaburini nikasema sitoki, kwa kuwa ukuta wa kaburi umekwenda kombo na bila shaka kaujenga mwenyewe. Waliokuwa wanalia walicheka. Ndipo Mzee Jumanne, mmoja wa wazee wa benchi la mbele, akapaza sauti akitaka kunisaidia.

"Na ule mpira je, mtani?"

Kila mtu pale alikuwa analijua jambo lile, na aliyewajulisha nilikuwa mimi. Nikamtazama Dorine, amesimama na mumewe kando ya udongo.

"Mpira gani?" nikasema. "Mimi silijui hilo."

Dorine akainamisha kichwa. Tulipomaliza kuzika alileta maji, akanimiminia mimi kwanza nikanawa mikono.