Makofi ya Barua Isiyo Yangu

Nilikwenda semina kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mganga mfawidhi. Sababu nyingine sina. Aliyeshinda na watoto wagonjwa katika zahanati yetu ya misheni kule Mgeta alikuwa Koleta, muuguzi. Lakini semina zilikuwa adimu, na kwetu mkubwa hutangulia.

Alfajiri ya Jumatatu nilipanda lori la kabichi. Zamani tungengoja gari la ushirika. Siku hizo za soko huria kila mchuuzi alikuwa na lori lake. Koleta alikuja kuniaga.

"Mganga, mwulizie Anjela. Nilimwandikia rufaa ya hospitali ya mjini ulipokuwa likizo."

Anjela, mtoto wa miezi mitano, nilikuwa nimemwona mara mbili, nikasema ni kifua tu, baridi ya milimani.

Mjini tulifika saa nne. Mwalimu wetu, daktari bingwa wa watoto, alitufundisha kumtunza mtoto mahututi wa moyo: hutoka jasho akinyonya, hupumua mbiombio, ini huvimba. Jasho hilo nililiona kwa Anjela, nikamwambia mama yake ampunguzie nguo.

Jumatano tuliingia wodini. Anjela alikuwa kwenye oksijeni, mama yake kando.

"Shikamoo, daktari," aliniamkia.

"Marahaba," nikajibu.

Mwalimu akatusomea barua ya rufaa. "Kaandika jasho, kaandika ini. Angechelewa siku mbili, tungempoteza mtoto." Akatazama chini ya karatasi, palipoandikwa kwa niaba ya mganga mfawidhi. "Mfawidhi wa Mgeta yupo?"

Nikanyoosha mkono. Wenzangu wakapiga makofi. Mama Anjela alinitazama, kisha akainama kumfunika mtoto miguu. Huko kwetu mganga haumbuliwi mbele ya wageni. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Siku nzima sikusikia tena somo. Niliona aibu hata kushika kalamu.

Jumamosi nilirudi kwa lori lilelile, sasa tupu. Tulipofika Mzumbe, dereva alinunua miwa akanikatia kipande. Nilikishika mkononi mpaka Mgeta.

Koleta alikuwa anakunja vitambaa vya vidonda.

"Anjela je?"

"Anapumua. Watampeleka Dar wiki ijayo."

"Na barua waliisoma?"

"Waliisoma. Wakanipigia makofi, nami nikayapokea."

Alikunja vitambaa viwili vitatu. "Mama yake alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alinyamaza."

"Basi alikustahi," alisema. "Haya, nieleze habari za ini. Mimi nilipapasa kwa kubahatisha."

Nikafungua daftari. Ukurasa wa Jumatano ulikuwa mtupu. Safari nzima nilikwenda kutafuta elimu iliyokuwa imekaa chumba cha pili cha zahanati yetu, kwa Koleta, na hata hiyo nyongeza aliyoihitaji sikumletea.

"Sina," nikasema. "Nionyeshe wewe unavyopapasa."

Akamwita mama mmoja kutoka benchini, akamlaza mwanawe, akaushika mkono wangu na kuuweka chini ya mbavu za kulia za mtoto.

"Taratibu, mganga," alisema. "Usimwumize."