Mashati ya Baba Hayakuwa Matambara

Harufu ya oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa gari linapohudumiwa, hunipandisha hasira mpaka leo. Nikipita karibu na gereji yoyote hapa Bujumbura papo hapo huwa tena msichana mdogo wa mtaa wa Buyenzi, nimesimama kwenye tope la masika, viatu mkononi, nikitazama jambo ambalo mtoto hakupaswa kulitazama. Watu husema muda ni dawa. Labda kwa maradhi mengine.

Bibi yangu, mama yake baba, alishona mablanketi ya viraka kwa mkono. Hakununua kitambaa hata siku moja. Kila kipande kilitoka kwenye nguo ya mtu wa nyumba yetu: kanzu ya babu iliyokwisha kwapani, kitenge alichobebewa shangazi mgongoni, gauni la Idi lililonibana. Alivitandaza vipande juu ya mkeka, akavihamisha huku na huku mpaka rangi zikapatana, kisha akavishonea juu ya blanketi kuukuu ili viwe na uzito. Sindano ilipogoma kupenya aliisukuma kwa kipande cha kandambili, akinung'unika kama anayegombana na mtu. Langu mimi lilishonwa kwa mashati ya baba. Baba alikuwa dereva wa lori, na ajali ilimchukua kabla sijaweza kuishika sura yake. Katika shati moja, la rangi ya kahawia, Bibi aliuacha mfuko wa kifuani bila kuufunga. Nikilala niliutia mkono humo. Watoto wenzangu walikuwa na picha za baba zao ukutani. Mimi nilikuwa na mfuko.

Mwaka ule mvua zilipoanza, Bibi aliugua, akajua haponi. Aliwaita mama yangu na baba mdogo, mwenye gereji, mwanawe wa kiume pekee aliyebaki, akanivuta kitandani pake mbele yao. Alisema kwa sauti ndogo lakini iliyonyooka: "Hii ya mashati ni ya huyu mutoto. Na zile zingine, mama yake ndiye atachunga. Musiguse." Baba mdogo aliinamisha kichwa. "Ndiyo, mama," alijibu. Nilimsikia kwa masikio yangu. Ninalisisitiza hili kwa sababu baadaye wakubwa waliniambia nilikuwa mdogo, sikuelewa.

Bibi alipofariki na arobaini yake ikaisha, baba mdogo alikuja na ndugu kugawa vitu. Masufuria yalikwenda huku, redio kule, kitanda kikabebwa kichwani kupelekwa kwake. Alipolifungua sanduku la mablanketi alicheka. "Hii ni matambara tu," alisema. "Kule gereji tunakosaga ya kupangusia." Mama akajitokeza mlangoni, shungi limemshuka mabegani. "Shemeji, mama alisema musiguse. Ile ni wasia." Akamjibu bila hata kumtazama: "We ulikuja hapa kuolewa, na mwenye alikuoa alikufa. Wasia ya matambara umeiona wapi?" Watu wazima walijaa chumbani, wengine wenye tasbihi mkononi, wote wanajua wasia ni nini. Walitazama chini. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni, ndivyo tulivyofundishwa. Siku ile niliona watu wakimnyonga mnyonge na haki yake wakaikalia kimya. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha kwetu kilikuwa cha tumbo moja na baba.

Kesho yake, nikitoka shule, mvua ikiwa imekatika, nilipita gerejini kwake. Fundi mmoja alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu nje. Mwingine alikuwa akifuta injini. Alichoshika mkononi kilikuwa kipande cha kahawia, na mfuko wa kifuani ulikuwa unaning'inia, mweusi kwa grisi. Mablanketi yote ya sandukuni yalikuwa yamekatwa kwa kisu, vipande vimerundikwa ndani ya tairi. Nilipiga yowe. Nilimrukia yule fundi, nikang'ang'ania kile kipande, naye maskini akakiachia kwa mshangao. Baba mdogo alinishika sikio mbele ya wateja, akalisokota. "We mutoto, nani alikufundisha kukosa adabu?" Nilikimbia nyumbani nikiwa nimekikumbatia, oili imenitapakaa sare yote ya shule.

Mama aliniangalia. Alichukua beseni kubwa la kufulia, akanishika mkono, tukarudi. Mama yangu alikuwa mwanamke wa kusema "ndiyo" kwa kila mtu, na nilidhani anakwenda kuomba radhi. Aliingia moja kwa moja, akapiga magoti kwenye lile tope jeusi, akaanza kuokota. Vya ndani ya tairi, vya chini ya magari, hata kilichokuwa begani kwa fundi alikichomoa. "Shemeji, unanitia aibu mbele ya wateja," baba mdogo alisema. Mama hakuacha kuokota. "Hii ni mashati ya bwana yangu," alimjibu. "Alikulipia masomo akivaa hizi. Wambie wateja yako hivyo."

Alijitwisha beseni, tukaondoka. Nyumbani alivifua kwa mafuta ya taa na sabuni ya mche mpaka vidole vikachubuka. Vingi vilikuwa vimeharibika kabisa. Katika mablanketi yote ya Bibi, tulipata vipande vya kutosha blanketi moja, na mama alilishona mwenyewe masika yote yaliyobaki, mishono mirefu isiyonyooka, madoa meusi yakibaki kila mahali. Hakuna ndugu aliyekuja kusema pole.

Sasa mimi ni mama wa watoto, ninaishi Musaga, na mama ninaye. Mwezi uliopita baba mdogo alikuja na binti yake Zuhura, anayekaribia kuolewa. Siku hizi viraka vimekuwa fahari. Watu wanavipiga picha na kuviweka kwenye simu. Alikaa kwenye kochi langu, mvi zimemjaa, akasema kwa furaha: "Lete ile urithi yetu, tuitandike ku harusi. Watu waone kazi ya mama."

"Yetu na nani, Baba mudogo?"

Alicheka kidogo. Zuhura alitutazama, hakuelewa. Basi nikalileta, nikalikunjua mapajani pake, nikamwonyesha madoa, nikamweleza yalikotoka, bila kupunguza. Baba yake akanikatiza: "Ile ni mambo ya zamani. Samehe." Hajawahi kuomba radhi, lakini msamaha anaudai. Mama, kwenye kiti chake, alisema polepole, "Mupe tu, binti yangu. Ni harusi." Na hapo nilikasirika zaidi, kwa ajili yake, kwa jinsi walivyomfundisha kutoa.

"Apana, mama," nilisema. "Hii haitoki hapa."

Wakati ule nilishikwa sikio kwa kudai kilicho changu. Leo nyumba ni yangu na sauti ni yangu, lakini mjini humu bado wajane wanatolewa vyombo nje huku wenye tasbihi wakitazama chini, na ninapoitwa mwanamke mwenye kinyongo sikatai. Baba mdogo aliinuka, akaenda garini bila kuaga. Zuhura alibaki amelishika blanketi. Honi ilipigwa nje, mara ikapigwa tena, ndefu. Hakuinuka. Alisogea karibu na mama, akamuuliza, "Mama mukubwa, na hii kipande ya bluu, ilikuwa ya nani?"