Tezi Mbili Nyuma ya Shingo

Nilikuwa mke mpya huko Wamaza, na sikuwa mgonjwa. Ninalisema hilo mapema kwa sababu wakati ule hakuna aliyeniuliza.

Watu wa dawa wa serikali walikuwa wanapita vijijini kutafuta ugonjwa wa malale. Tulipangwa mstari, na muuguzi, ambaye sisi tulimwita munganga, akatupapasa shingo mmoja mmoja. Kwangu alisimama. Alikuta tezi mbili, akazichoma sindano, akatazama maji yake kwenye hadubini yake. Hakuona kidudu. Akatazama tena, hakuona. Nilimwambia ninalala vizuri usiku na kulima kutwa nzima. Akaandika jina langu.

"Uko mugonjwa, mama," aliniambia kwa upole. "Haujajua tu."

Basi kila juma nilitembea hadi kwenye kituo chake kuchomwa sindano ya mshipa. Nilipotapika alifurahi, akasema dawa imeukuta ugonjwa. Macho yalipoanza kuona ukungu, akasema sasa ugonjwa unatafuta njia ya kutokea.

Mama mkwe hakuziamini sindano. Alinipeleka kwa mufumu, mganga wa kienyeji, ambaye angalau hakunipanga mstari. Naye alipapasa tezi zilezile, akasema ni maneno mabaya ambayo shangazi yangu aliyatamka siku ya harusi. Alinichanja shingoni, akasugua majivu ya dawa, akaninywesha kitu kilichoniharisha siku nne. Niliposhindwa kusimama, alimweleza mama mkwe kwamba hasira ya shangazi ni kubwa, dawa iongezwe. Wale wanaume wawili hawakuwahi kuonana, lakini walipatana kwa kila jambo.

Mama yangu mzazi alikuja kutoka Kabambare baada ya kusikia ninakufa. Hakunipapasa shingo. Alikaa nyuma yangu, akaanza kunifumua nywele.

"Nani anakusukaka hivi?" aliuliza.

Nikamwambia ni wifi yangu, na kwamba hupenda kuvuta sana. Chini ya misuko, ngozi ilikuwa imejaa vidonda vya usaha. Mama alininyoa kama mfiwa, akaniosha kwa maji ya moto na chumvi asubuhi na jioni. Hazikupita wiki mbili, tezi zikanywea.

Munganga aliandika kwamba nimepona, akanionyesha kwa daktari mzungu. Mufumu naye alipata wagonjwa hadi kutoka Salamabila. Mama alirudi kwake bila kushukuriwa na mtu. Macho yangu hayakurudi sawa. Hadi leo nikitaka kushona, mwingine ndiye anayenitungia uzi.

Mwaka uliofuata mstari ulipangwa tena. Munganga alinipapasa, akakosa tezi, akafikiri kidogo. Akasema ugonjwa umeingia ndani kujificha, kwa hiyo nitahitaji sindano nyingine sita. Kesho yake nilienda kwa mama kuvuna karanga, nikakaa huko mpaka gari lao lilipoondoka.

Mume wangu hajui kusema uongo. Walipomuuliza, aliwaambia nimekimbia sindano. Wakaandika kwamba malale yamekwisha kunifika kichwani.