Mdakaji Mwenye Pua ya Verna

Delbert Krahn, kinyozi mstaafu wa Pell Creek, Ohio, alikuwa na ugonjwa usio na dawa: kadi za posta za zamani zenye picha za timu za besiboli. Timu kubwa za mijini hazikumshughulisha. Alizisaka zile za vijijini, wakulima na wahunzi waliopigwa picha mbele ya ghala, sharubu zimesokotwa, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ya Pell Creek yenyewe hakuwahi kuitia machoni.

Mshindani wake alikuwa Verna Stoltz, mjane mwenye ulimi mkali, mgonjwa wa ugonjwa uleule. Jumamosi moja, kwenye gulio la ukumbi wa kanisa, mikono yao ilikutana ndani ya boksi moja la viatu lililojaa kadi kuukuu. Wa Delbert ulitangulia, ukatoka na timu ya Pell Creek.

"Lete hapa, mzee wewe! Mimi ndiye niliyeiona kwanza."

"Macho hayashiki kitu, Verna."

"Basi ikuozee kabatini!"

Delbert alirudi nyumbani akipiga mluzi, akaichunguza kwa kioo cha kukuzia. Mdakaji, aliyechuchumaa mbele na glovu mapajani, kofia kaishusha hadi kwenye nyusi, hakuwa na sharubu. Alikuwa na pua ndefu iliyopinda kushoto. Pua hiyo Delbert aliijua. Ndiyo iliyomfokea asubuhi.

Kesho yake akabisha kwa Verna.

"Umekuja kunitambia?"

"Bibi yako aliitwa nani?"

"Augusta. Unamtakia nini?"

Akampa kadi na kioo. Verna aliinama, akatazama, kisha akaketi palepale ngazini.

"Kila Krismasi alituambia alidaka mipira na wanaume mpaka vidole vikapinda. Tukamcheka! Mama akasema ni uzee tu." Akajifuta machozi, huku akicheka. "Kumbe alisema kweli, yule kikongwe!"

"Chukua, ni yako."

"Sitaki sadaka zako, Delbert."

"Sadaka gani? Mtu anapewa bibi yake, anaita sadaka!"

Alikubali, kwa sharti kwamba Delbert aingie ale pai ya cheri. Aliingia, akala vipande vitatu, akaondoka jua likizama.

Tangu hapo wakawa wanakwenda magulioni kwa gari moja, wakigombana njia nzima kuhusu ramani. Wauzaji walipowaona wakishuka pamoja walinuna: zamani wawili hao walipandishiana bei, sasa walikuwa wakinong'onezana.