Wakili na Ile "Mimi" ya Mzee Mkumbulu

Ipo siku moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na wala si kwa sababu nilifanya la maana. Naikumbuka kwa sababu mzee mmoja wa Kinole aliniambia neno, nikanyamaza. Na wanaonijua wanajua kuninyamazisha si kazi ndogo. Mke wangu anajaribu mpaka leo.

Wakati huo nilikuwa kijana wa Morogoro mjini, shule nimeishia kidato cha pili. Watu huniuliza kwa nini niliacha. Sikuacha, tuliachana kwa amani, ila hesabu ndiyo iliyoandika talaka. Nikawa natembeza wageni milimani, nawaonyesha maporomoko ya maji na vinyonga, nawatajia majina ya miti, mengine ya kweli. Mama yangu alikuwa mtu wa kule juu, kwa hiyo Kiluguru ninacho tangu utotoni. Ndicho cheti pekee nilichonacho.

Sasa akaja dada mmoja, Wakili Koku, mtu wa Bukoba. Alikuwa anafanya kazi Dar es Salaam kwenye kampuni ya mawakili, zile kubwa za kimataifa, yenye ofisi mpaka kwenye miji ambayo mimi naisikia kwenye mpira tu. Mteja wao, kampuni ya nje, alitaka kununua eneo juu ya Kinole lenye chemchemi, ajenge kiwanda cha maji ya chupa. Muuzaji alikuwa bwana mmoja wa mjini. Jina lake nalijua, lakini tumwite Bwana Hati, maana hati alitembea nayo mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso. Yeye alisema lile ni pori, halina mwenyewe. Watu wa kule wakasema, pori gani lina migomba?

Koku alitumwa kuja kuona na kusikiliza kabla mteja hajasaini. Wazee wa kule wanaongea Kiluguru, kwa hiyo akahitaji mkalimani, na mimi nikajitokeza nikiwa nimevaa shati la kuazima.

Garini nikamwuliza kama atawapigia kelele mahakamani, maana nilidhani wakili ni kelele.

"Mahakamani siendi sana, kaka," akasema. "Kazi yangu kubwa ni kumzuia mteja asinunue kesi. Huyu kaja kununua maji. Akikuta kesi ndani ya maji, atatulaumu sisi."

Nikaipenda hiyo. Nikaona hii kazi hata mimi ningeiweza, ya kulipwa kumwambia tajiri acha.

Baada ya Mkuyuni njia ikawa utelezi, gari likakataa, tukapanda kwa miguu. Koku alipanda vizuri kuliko mimi, na mimi ndiye niliyekuwa mwongozaji. Kila nilipoishiwa pumzi nilisimama nikamwonyesha mti.

Tulipofika, ukoo ulishakaa barazani kwa Mzee Mkumbulu, mkuu wao. Kwetu ardhi inafuata upande wa mama, kwa hiyo akina bibi walikaa mbele, na mbele kabisa Bibi Zuhura, dada yake mzee. Koku akapiga goti kidogo, "Shikamoo babu, shikamoo bibi," wakaitika, tukaletewa nanasi. Kisha akafungua kompyuta yake akaeleza bila kuficha. Akiona madai yao yana mguu, atamwandikia mteja asinunue. Akiona hayana, mteja atanunua, na chemchemi itazungushiwa ukuta. Hiyo chemchemi ndiyo inayonywesha migomba, karafuu na nyumba zote za chini yake. Bibi mmoja akafumba macho, akayafumbua.

Mzee akaanza, kwa Kiluguru chake cha taratibu.

"Nilipofika hapa palikuwa pa chui. Nikafyeka mwenyewe. Chemchemi ilikuwa imezibwa na matope, nikaifukua, nikamwita dada yangu, nikampa alime. Wajerumani walipokuja walinikuta."

Mwanangu, hesabu ilishanipa talaka, lakini hiyo niliipiga. Kama Wajerumani walimkuta, basi huyu mzee ni mkubwa kuliko reli. Nikajiambia, huyu dada wa kompyuta atamwona babu wa watu amechanganyikiwa. Nikaamua kusaidia. Msaada wangu, mwanangu, uogope.

"Anasema," nikatafsiri, "babu zake walifika hapa zamani, palikuwa na chui. Wakafyeka. Wajerumani walipokuja wakawakuta hao babu zake."

Niliona nimeitengeneza vizuri, kama mtu aliyepiga pasi shati. Koku akaacha kuandika.

"Kwa hiyo yeye hakuwepo?"

"Angekuwepo vipi, dada!"

"Aliambiwa."

"Aliambiwa."

"Sawa. Ni habari ya kusikia, uzito wake ni mdogo." Akaandika, na uso wake ulikuwa umepoa kuliko ulivyokuwa wakati wa nanasi.

Bibi Zuhura akakohoa. Si kikohozi cha kifua. Mzee naye akageuka akanitazama, akasema kwa Kiswahili safi kabisa:

"Kiswahili nakisikia, mjukuu wangu. Huwa nakivaa siku za soko tu. Mimi nimesema mimi. Wewe umeleta babu. Mbona unanigawa?"

"Nilitaka kukusaidia, babu."

"Umenisaidia mpaka umenitoa kwenye ardhi yangu."

Hapo ndipo niliponyamaza.

Nikueleze, maana nyinyi mliokulia mjini hamlijui hili. Kule mkuu wa ukoo anarithi jina. Mkumbulu akifariki, mpwa wake, mtoto wa dada yake, anakalishwa, anapewa jina, na kuanzia hapo yeye ndiye Mkumbulu, pamoja na yote yaliyofanywa na waliotangulia. Aliyefyeka ni yeye. Aliyemfukuza chui ni yeye. Hasemi uongo wala hajachanganyikiwa, anasema kama mwenye jina. Na mimi nililijua hilo tangu mdogo! Ila mbele ya mgeni mwenye kompyuta niliona haya, nikalifunika.

Nikamweleza Koku. Akasikiliza mpaka mwisho, akajikuna paji la uso.

"Babu, nimekuelewa. Lakini nikiandika hivyo, watakaoisoma watasema huyu shahidi ana umri wa mlima. Watacheka. Na wakishacheka, ndiyo basi."

"Basi na wewe niambie wewe ni nani," mzee akasema. "Tangu tumekaa naulizwa mimi tu. Umetoka kwa nani?"

Koku akafunga kompyuta kwa heshima, akakaa sawa.

"Natoka kwenye kampuni ya mawakili, babu. Tulianza Uingereza, zamani sana, chumba kimoja juu ya duka la mishumaa. Tulikuwa wawili. Tulianza na kesi za meli, mzigo umezama, nani alipe. Ikaja reli, tukaandika mikataba ya reli. Zikaja benki, ikaja migodi. Tukaungana na wenzetu wa Amerika, tukafungua ofisi Asia, halafu na hapa kwetu. Sasa tuko nchi nyingi. Wa huku wakienda kulala, wa kule wanaamka wanaendeleza kazi palepale ilipoachwa."

"Kama zamu za kiwanda cha sukari," akasema Bibi Zuhura.

"Hivyohivyo, bibi. Ila sisi sukari hatutoi, tunatoa karatasi."

"Na wale wawili wa kwanza wapo?" mzee akauliza.

"Walishafariki zamani. Ila majina yao ndiyo yaliyoko mlangoni. Simu ikiita, tunapokea kwa majina yao."

Sasa mwanangu, mimi nimenyamazishwa, sawa, lakini kunyamaza kwangu hakukai. Nikamwuliza, "Dada wakili, hapo juu ya duka la mishumaa, wewe ulikuwa unakaa kiti cha mlangoni au cha dirishani?"

Baraza zima likacheka. Koku naye akacheka, halafu akaacha peke yake, mkono mdomoni.

"Nimesema tulikuwa wawili," akasema polepole. "Na mimi nimeajiriwa juzi."

Nakuapia sikuwa nimepanga kitu. Nilikuwa namtania tu, kwa sababu watu wa Bukoba ukiwaacha watakuambia Kiingereza kilianzia kwao. Lakini yeye ndiye aliyeona. Mzee hakumsimanga. Alisema tu, "Umesema vizuri. Ungesema wao walianza, ningejua umetumwa na watu usiowajua."

Koku akafungua tena kompyuta, akafuta.

"Tuanze upya, babu. Na wewe kaka, safari hii nipe kama anavyosema. Usinisaidie."

Nikampa. Nilifyeka. Nilifukua. Walinikuta. Ulimi ulikuwa mzito mwanzoni, halafu ukazoea. Akaandika yote kwa "mimi", na chini yake akaweka maneno yake mwenyewe, akitaja kuwa ni yake, kwamba mwenye kusema hapa ni jina, na jina hilo limekaa na ardhi bila kukatika, watu wakipokezana. "Kampuni ndivyo inavyomiliki vitu," akatuambia. "Watu wanakufa, jina linabaki na mali. Kila wakili atakayesoma hii ameajiriwa na marehemu."

Hakuishia kwenye maneno lakini. Alisema maneno peke yake hayatoshi, tukapanda kuangalia makaburi ya ukoo, mifereji ya zamani, migomba iliyokwishaota juu ya migomba. Bibi Zuhura akatangulia mbele, na kwenye mlima ule nikabaki wa mwisho tena.

Taarifa ikaenda Dar, ikaenda huko kwenye ofisi zao zinazopokezana usingizi. Haukupita muda mrefu, mteja akaambiwa asinunue, akaenda kutafuta maji mahali pengine. Hakukuwa na kesi, hakukuwa na hukumu wala vigelegele. Kesi kutokuwepo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Kampuni ile haikufanya vile kwa kuwapenda watu wa Kinole, ilikuwa inamlinda mteja wake, na ndivyo inavyotakiwa. Chemchemi iko pale, haijui lolote. Bwana Hati ndiye asiyeniitikia salamu mpaka leo, na mimi kwa kuwa namjua, namsalimia kwa sauti kubwa kila nikimwona.

Mzee Mkumbulu alifariki baadaye. Akakalishwa mpwa wake, kijana ambaye siku ile ya wakili alikuwa Dumila anauza vitunguu barabarani, hakuona wala hakusikia chochote. Mimi namzidi umri. Nilipopanda kumtazama, nikamwambia shikamoo, kwa sababu ndiye babu. Akaitika bila kucheka. Tukakaa, akanitazama vizuri, akasema:

"Nakumbuka ulivyonigawa mbele ya yule wakili. Nikakukemea."

Nikamwambia, "Ni kweli, babu. Ulinikemea."

Basi mwanangu, nasaha yenyewe ni hii, na sitaizungusha. Utabebeshwa maneno ya watu. Leo mtafiti atakuita umtafsirie, kesho utampeleka bibi yako hospitali umsemee kwa daktari, keshokutwa utatumwa kwa mtendaji na neno la wazee. Lifikishe kama ulivyopewa. Ukiona halitaeleweka, lifikishe hivyohivyo kwanza, halafu ongeza la kwako na useme ni la kwako. Usimtengeneze mtu ili afanane na anayemsikiliza. Mimi nilidhani naficha aibu ya mzee, kumbe mzee hakuwa na aibu, aibu ilikuwa yangu, na kidogo ingewapotezea watu maji. Na wewe ukiwa unasema "sisi", iwe ya ukoo, ya kazini au ya timu ya mpira, ujue nani na nani wamo humo ndani, maana umewabeba wote, wazuri na wale wengine.

Mungu akupe sikio la kupokea neno lilivyo, na ulimi wa kulifikisha likiwa zima. Akupe watu watakaokusikiliza kabla hawajakuandika. Akukuze mpaka na wewe uwe na wa kuwachosha kwa maneno kama nilivyokuchosha mimi. Nenda salama. Ukifika nyumbani msalimie mama yako, na salamu zangu, tafadhali, usizitengeneze.