Tumbo ya Mashini ya Ndosho

Ee, nikuulize kwanza: uliisha kuona mashini inashiba? Inashiba kabisa, sawa mutu mwenye kutoka ku karamu, anafungula mukaba? Usicheke. Kwetu hapa Ndosho batu bazima, benye ndevu, benye batoto ku masomo, banasimama mbele ya kasanduku ka chuma na banasema: "Ile imeshiba. Leo itatapika."

Mi nauzishaka bitumbura na chai ku mulango ya butiki moja. Kiti yangu ni jiwe ya volkano, niliitandikia kipande ya godoro ya zamani, juu ile jiwe haihurumiake mutu. Nyuma yangu, mu butiki, kati ya mifuko ya sukari na masabuni, njo mwenye butiki aliweka ile mashini ya mchezo. Franga haikule. Inakula jetoni. Unamupa mwenye butiki franga yako, yeye anakupa jetoni, kaduara ka chuma sawa kifungo ya koti. Unatumbukiza. Ku uso wa mashini kuko picha zimepangwa kwa kuzunguka: pomu, machungwa, kengele, tikiti yenye siye tunaitaka pasteke, nyota. Chini kuko butoni, kila picha na yake. Unafinya yenye moyo yako inataka, alafu taa inaanza kukimbia ku zile picha, tititititi, inakimbia, inachoka, inatembea pole pole sawa mama mwenye mimba, inakaribia pasteke yako... inapita, inalala ku pomu. Na bote: "Aaaah! Ilikuwa karibu!"

Hii "karibu" njo inamaliza batu, mi nakuambia. Kama taa ililala mbali, mutu angerudia kwake akule bugali. Lakini inalala ku mulango ya jirani, basi anasema, ee, kesho.

Niliwaona bote pale, na niliwapenda, sitakudanganya. Kuko papa mumoja wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, anabebaka makala na viazi, mikono sawa mizizi. Anaegesha chukudu yake ku ukuta, anakula kitumbura kimoja, cha pili anasema nimuwekee, kumbe franga ya cha pili inaenda kuwa jetoni. Kuko mama mumoja anauzishaka bikwembe, bitenge bya kujifunga, kule ku soko ya Birere, anaingia amejifunika kichwa sawa anaenda kutubu. Na hakuna mwenye alipenda kuanza! Kila mutu anangojea mwenzake ailishe mashini kwanza. Banaangalia na macho: huyu ameweka, yule ameweka, sasa tumbo inajaa. Papa wa chukudu anaipiga kofi ku mbavu, anatega sikio sawa dokta. "Bado kidogo," anasema. "Iko inavimba."

Na mi pia baliniingiza mu ile mambo. Nilizaaka mapacha. Kwetu upande wa Bukavu, mama wa mapacha si mama wa ovyo, mukono yake inabariki. Siku moja papa wa chukudu ananiita: "Mama Mapacha! Kuya utufinyie!" Napangusa mafuta ku kikwembe, naingia, nafinya nyota. Taa inazunguka, inazunguka, inalala ku nyota! Bajetoni banaanguka kwarakwara, batu banapiga mikono, papa wa chukudu anacheza mpaka kofia inaanguka. Kutoka ile siku nikakuwa askofu. Kila mutu: Mama Mapacha, kuya. Na kama taa ilikataa, banageuka palepale: "Mama, leo ulinawa mukono na sabuni gani?" Mi nachekaka tu. Mu maisha yangu yote, nani mwengine alinipigiaka mikono?

Sasa sikiliza ya mujukuu wangu. Ni mutoto wa binti yangu, lakini ni mutu mukubwa, fundi wa chuma, atelye yake iko ng'ambo ya barabara. Ile milango ya bluu na ile madirisha ya maua ya chuma unaonaka Ndosho, nyingi ni mukono yake. Alipenda binti mumoja mwenye kushona, musichana wa kicheko, akipita anainama kunisalimia na mikono mbili. Baba ya binti hakukataa. Alituhurumia hata: kwetu Bushi, kule upande wa Bukavu, tungesema ng'ombe, yeye alisema mbuzi. Lakini alisema tena: "Musinichelewe. Kuko mwengine wa Kindu, mwenye gari, iko anabisha hodi. Maharagi ikivunwa na mbuzi haziko mu parseli ya nyumba yangu, nitamufungulia."

Maharagi ilikuwa imeota tayari. Na mujukuu wangu, jua ikishuka, anavuka barabara na franga ya milango yake, anapita mbele ya bitumbura yangu, anaenda kutafuta mbuzi mu pasteke.

"Koko," ananiambia, njo vile bajukuu bananiitaka, "mashini imeshiba. Kuya unifinyie mara moja tu, nimalize mahari."

Namuambia: "Mukono yangu iko na mafuta."

"Ba chukudu unawabariki, mi damu yako unaninyima?"

Ile neno iliniingia hapa, chini ya kifua. Nikageukia bitumbura yangu. Ya bengine ilikuwa mchezo, ya huyu ilikuwa bibi wa kuoa. Na yule binti, alipokuya kununua chai, aliniuliza pole pole, macho ku kikombe: "Koko, atafikisha?" Nikamuambia atafikisha. Nilisema tu. Nani aliniambia?

Alafu siku moja, saa sita jua iko juu ya kichwa, mwenye butiki anavunja funguo ndani ya serire, kufuli ya mulango ya mashini. Nusu inabakia mu mukono, nusu inabakia mu chuma. Anavuta na koleo, hapana. Anatukana funguo, anatukana mwenye aliitengeneza, alafu anaita ng'ambo: "Fundi! Kuya unikatie hii mulango!"

Ungeona! Habari ilikimbia kupita moto. Batu bakakuya sawa ku kufungula kaburi ya mufalme. Juu leo njo tutaona tumbo! Papa wa chukudu aliacha mizigo ya mutu mu barabara. Mama wa Birere alisahau kujifunika. Bakaanza kubishana: imejaa mpaka ku shingo, hapana, mpaka ku kifua. Mujukuu wangu akawasha kamashini kake ka kukata, cheche zikaruka, na papa wa chukudu analia nyuma yake: "Pole pole fundi, usimukate utumbo!"

Mulango ikaanguka, paa.

Upepo. Ndani mulikuwa upepo tu! Kasahani ka plastiki kenye tumistari na tuwaya, sawa kenye kuwa ndani ya radio. Mende mbili zikakimbia. Na chini, ndoo ya rangi ya nyumba, na bajetoni kidogo hivi, hawafuniki hata chini yake.

"Tumbo iko wapi?" papa wa chukudu akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mutu mwenye kuibiwa.

"Tumbo gani?" mwenye butiki akasema. "Bajetoni nawatoshaka mu ndoo kila magaribi. Nisipowatosha, asubui nitauzishia mutu nini?"

We! Batu bakaangaliana. Kumbe jetoni yenye ulinunua asubui njo ile ile ulitumbukiza jana. Tulikuwa tunaungoja mushibo wa kitu kinaenda kuhara kila siku nyuma ya mulango.

Mujukuu wangu akainama, akagusa kale kasahani na kidole. "Na hii inaonaka ndoo?"

Mwenye butiki alikuwa na jasho na hasira ya funguo, njo ile hasira ilimufanya aseme kweli. "Haionake kitu. Hapa nyuma fundi mwenye kuileta alitia kipimo: ya bachezaji kiasi hiki, ya mwenye mashini kiasi hiki. Mwenye mashini hakosake yake. Pale unafinya butoni, palepale inaisha kukata kama utapata ao hautapata. Taa kukimbia-kimbia ni mapambo tu, mupate kushika roho. Nani aliweka asubui, nani aliweka sasa, haikumbuke hata mumoja."

Mi nikanyoosha shingo. "Na mukono yangu ya mapacha?"

"Mama yangu, hii kitu haijue hata kama ulizaa!"

Bakacheka mpaka chai ya mutu ikamwangika. Mi njo nilicheka kuliko bote, machozi ikatoka. Uaskofu wangu uliishia pale, mbele ya ndoo ya rangi.

Lakini mujukuu wangu hakucheka. Akarudisha mulango, akasudere bawaba mupya na moto, akatia serire mupya, kazi safi, juu yeye hajue kuharibisha chuma hata ya adui. Alipomaliza, mwenye butiki akachota bajetoni mu ndoo na mikono mbili. "Chukua, fundi. Ni zaidi ya bei yako. Na mashini leo iko mupya."

Ile kelele! "Beba! Wewe njo uliifungula, inakujua!" "Beba, kijana, leo ni yako!" Papa wa chukudu aliisha kunyoosha kofia: "Kama hautaki, nipe mi!"

Mujukuu wangu akasimama, mikono ikaenda mbele kidogo. Niliiona. Bitumbura vyangu vilikuwa vinaungua mu mafuta, nilisikia harufu, sikugeuka. Mutu wa umri ule ukimuambia kulia, anaenda kushoto juu ya kukuonesha kama iko na miguu.

Akapiga mashini ku mbavu, vile papa wa chukudu alipigaka. Ikalia duu.

"Koko," akasema, anaangalia mi tu, "sikia. Sawa ngoma."

Alafu akamugeukia mwenye butiki. "Patron, bajetoni bapee wenye njaa. Mukwe yangu hakuombaka vifungo. Unilipe franga, sawa unalipaka mwenye kukuletea sukari."

Mwenye butiki alinung'unika, akakuna kichwa, akalipa. Mi nikatosha bitumbura vyeusi mu mafuta, nikavigawa bure, na bakavikula bote na furaha.

Usifikiri mashini ilikufa. Kesho yake papa wa chukudu alikuwa pale. "Baliifungula upepo ukaingia," ananiambia, "sasa njaa yake ni ya kweli, acha nione." Nikamuambia: "Papa, kula kwanza kitumbura cha pili." Akakula. Siku hizi anakulaka bitumbura bibili, na kisha ananiomba niweke mukono ku chukudu yake mbele ya kupandisha mulima. Ile naweka na moyo yote. Chukudu angalau inaendaka fasi fulani. Mama wa Birere yeye anakaa pembeni yangu, anakunywa chai, na kichwa wazi, tunasema mabaya ya batu.

Na mujukuu wangu, siku ya samdi yenye ilifuata, alienda ku soko, akarudia na mbuzi jike mweusi ku kamba, katikati ya barabara, bamotari banamupigia hone: "Eh fundi, pasteke yako imeota pembe!" Anacheka, anavuta kamba. Kisha hapo akaleta mwengine, alafu mwengine. Zimefungwa kwangu nyuma ya nyumba. Moja ilikula kikwembe changu cha misa ku kamba, nikaitukana, nikaipa majani. Maharagi bado kuvunwa, na yule wa Kindu nasikia anaegesha gari mbali kidogo sasa.

Jana alikuya kukaa ku jiwe yangu, mi nikakaa ku ndoo. "Koko," ananiambia, "nikuapie kama sitacheza tena ile mashini?"

"Usiniapie," nikamujibu. "Kila mutu anaapaka pale, na asubui njo wa kwanza ku mulango. Nipe kitu ingine."

Akafikiri, anamenya kitumbura na vidole vyake vya kuungua cheche.

"Basi nakuahidi hii. Siku ya kupeleka mahari, hatutapanda taksi-moto. Tutaenda mwendo wa miguu yako, Koko, hata jua ikitushikia mu njia, na kamba ya mbuzi ya mbele utaishika wewe."